Kanada: Mwamba Uliovuliwa Udongo na Barafu

Kaskazini mwa Ontario mwamba uko wazi kwa maili nyingi. Inama uutazame kwa karibu: utaona mikwaruzo iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Mawe yaliyogandia chini ya barafu ndiyo yaliyouchora yakiburutwa, barafu ikiusugua mwamba kama msasa. Miaka 20,000 hivi iliyopita karibu Kanada yote ilikuwa chini ya barafu, na kuna mahali unene wake ulifika kilomita 3.

Mwamba wenyewe ni mkongwe mno. Unaitwa Ngao ya Kanada, umeizunguka Ghuba ya Hudson na kuenea karibu nusu ya nchi. Kando ya mto Acasta, Northwest Territories, kuna miamba yenye umri wa miaka bilioni 4. Ile yenye dhahabu ya Timmins, mji wa Ontario, ina miaka bilioni 2.7, rika moja na ya Geita. Milima ya Rocky, magharibi, ni michanga sana mbele yake.

Barafu iliukomba udongo wa Ngao, ikafukua mabonde, nayo yakajaa maji. Ndiyo maana Kanada ina maziwa yasiyohesabika.

Kwa mjiolojia, kifusi kilichobebwa na barafu kina thamani kubwa. Wanajiolojia Chuck Fipke na Stewart Blusson walichekecha mchanga wa nyika za kaskazini wakitafuta chembe za ganeti, madini mekundu yanayoambatana na almasi. Barafu ilizibeba kutoka kwenye kimbalaiti, mwamba wa volkano unaobeba almasi, na kuzitawanya mbali sana. Wao wakarudi nyuma, kinyume na mwendo wa barafu, hadi kwenye ziwa Lac de Gras, Northwest Territories, ambako almasi ilipatikana mwaka 1991. Mgodi wa Ekati ukafunguliwa 1998. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, nayo imo ndani ya kimbalaiti. Kazi ya namna hii hudai subira ya miaka, na naiheshimu sana.

Uzito wa barafu uliididimiza ardhi, na tangu iyeyuke ardhi inainuka polepole. Pembeni mwa Ghuba ya Hudson inapanda kama sentimita 1 kwa mwaka, na fukwe za zamani sasa ziko mbali na maji. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa leo Churchill, mji ulio kando ya ghuba hiyo, akifikisha miaka 80, ardhi ya kwao itakuwa imepanda karibu sentimita 80.