Kasi Zikilingana, K Haiwi Moja

Nimekutana nayo tena katika rundo la karatasi za mtihani wa mwisho wa muhula, imeandikwa kwa hati safi na kupigiwa mistari miwili chini yake: "Kwa kuwa katika msawazo kasi ya kwenda ni sawa na kasi ya kurudi, K = 1." K hapo ni konstanti ya msawazo: uwiano wa ukolezi wa vinavyozaliwa kwa ukolezi wa vinavyotumika, mmenyuko ukishatulia. Mwenye karatasi ni mwanafunzi hodari. Nilipomwita alinitazama kama mtu anayeonewa, akasema, "Mwalimu, si ni wewe uliyetuambia kasi zinalingana?" Niliwaambia, na nitaendelea kuwaambia, kwa maana ni kweli. Tatizo ni hicho alichokitundika baada ya mkato. Imani hii nimeisikia kwa vijana wa kidato cha nne, kwa wanaosomea shahada, na juzi kwa mwalimu mwenzangu hapa Nakuru ambaye chaki imemzeesha, nikaona ni heri niiandikie mara moja ili nipate mahali pa kuwaelekeza watu badala ya kupandwa na presha.

Kasi na konstanti ya kasi ni vitu viwili. Konstanti ya kasi, k ndogo, ni sifa ya mmenyuko wenyewe katika joto fulani. Kasi ni k hiyo ikizidishwa kwa ukolezi wa vitu vilivyopo wakati huo. Chukua kaboni dioksaidi iliyoyeyuka majini, ikigeuka kuwa asidi ya kaboniki na kurudi. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, bila kichocheo, konstanti ya kwenda ni takriban 0.039 kwa sekunde, na ya kurudi ni takriban 23 kwa sekunde. Sasa tuseme maji yana CO₂ ya mikromoli 10 kwa lita, kiasi kisicho mbali na kile cha maji yaliyoachwa wazi hewani. Kasi ya kwenda ni 0.039 mara 10, yaani mikromoli 0.39 kwa lita kwa sekunde. Ili kasi ya kurudi iwe hiyohiyo, H₂CO₃ inahitaji kuwa mikromoli 0.017 tu, kwa sababu 23 mara 0.017 ni 0.39. Kasi zimelingana kabisa, na hata hivyo kwa kila molekuli moja ya asidi kuna karibu molekuli 590 za CO₂ ambazo hazijageuka. K ni 0.017 kwa 10, yaani 0.0017, na hiyo ni sawasawa na 0.039 kwa 23.

Kwa hiyo ni konstanti zinazogawanywa. Usawa wa kasi ni sharti linaloturuhusu kuzigawanya. Wenyewe si jibu. Abiria wanaotoka Nakuru kwenda Njoro kwa saa wakiwa sawa na wanaorudi, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba Njoro ina wakazi wengi kama Nakuru.

Mambo matatu niyapitie haraka, maana yamo katika kila kitabu. Kwanza, ikiwa pande mbili hazina idadi sawa ya molekuli, uwiano wa konstanti hutoka na vizio, navyo visitupwe njiani. Pili, joto likibadilika k zote mbili hubadilika, lakini kwa viwango tofauti kwa kuwa vizingiti vyao vya nishati havilingani, na ndiyo maana K hubadilika. Tatu, kichocheo huzidisha zote mbili kwa kipimo kilekile. Kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi katika chembe nyekundu za damu kinaweza kugeuza CO₂ kwa kadiri ya mara milioni moja kwa sekunde, na K inabaki palepale.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi zaidi. Baada ya kusahihishwa, wengi hukimbilia upande wa pili na kusema kwamba uwiano wa kasi hauna maana yoyote katika hesabu ya K. Hilo nalo si kweli. Kwa mmenyuko wa hatua moja, kasi ya kwenda ikigawanywa kwa kasi ya kurudi, wakati wowote ule, ni sawa na K ikigawanywa kwa Q, ambapo Q ni uwiano wa ukolezi ulivyo sasa, haujasubiri msawazo. Mchanganyiko ukiwa bado una CO₂ kupita kiasi, Q ni ndogo kuliko K na uwiano wa kasi unazidi moja. Asidi ikizidi, uwiano unashuka chini ya moja. Ile "moja" ambayo mwanafunzi wangu aliipigia mistari miwili ni K/Q, nayo inatuambia tu kwamba tumefika, wala haisemi tumefika wapi. Anayeweza kupima kasi zote mbili katika mchanganyiko ambao haujatulia, akaujua na ukolezi wake, anaweza kuzidisha uwiano wa kasi kwa Q na kuipata K bila kungoja msawazo hata kidogo. Hii ni njia halali, na inanishangaza jinsi tunavyoiruka darasani ili tufike upesi kwenye maswali ya jedwali la mwanzo, badiliko na mwisho.

Kuna dada yake kosa hili: kudhani kwamba muda wa kuufikia msawazo unatawaliwa na konstanti ya kwenda peke yake. Katika mmenyuko wa kwenda na kurudi wa daraja la kwanza, yaani ule ambao kila kasi hufuata ukolezi wa kitu kimoja kwa kipeo cha moja, kinachotawala ni jumla ya konstanti mbili. Kwa CO₂ na asidi yake jumla ni kama 23.04 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya safari humalizika kwa takriban sekunde 0.03, ikiwa asidi haipotezi protoni. Asidi ikinyang'anywa protoni mara tu inapozaliwa, njia ya kurudi inakatwa, na nusu ya CO₂ inahitaji karibu sekunde 18 kugeuka. Asiyeamini achukue mirija miwili yenye maji yaliyotiwa haidroksaidi kidogo sana ya sodiamu na kiashiria cha bromothaimoli bluu. Tone la siki hugeuza buluu kuwa manjano papo hapo. Maji ya soda yaliyotoka kwenye barafu hayafanyi hivyo: buluu inakaa, inakuwa kijani, inasitasita, na ndipo manjano inapokuja, wakati mwanafunzi ameshaanza kudai kwamba chupa imeharibika.

Hadi hapa nimekuwa nikisema "hatua moja", na maneno hayo mawili ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mashemeji wawili wa Norwei, Guldberg na Waage, walipotoa sheria yao mwaka 1864, walifikiria nguvu za vitu vinavyokutana, na namna tunavyoifundisha leo inamfanya mtu aamini kwamba vipeo vya ukolezi katika fomula ya kasi husomwa kwenye mlinganyo. Havisomwi huko. Mlinganyo wa kuvunjika kwa N₂O₅ (dinaitrojeni pentoksaidi) huandikwa kwa molekuli mbili, lakini kasi yake ni ya daraja la kwanza. Haidrojeni na bromini ni kisa kibaya zaidi: wanakemia Bodenstein na Lind walionyesha mwaka 1907 kwamba kasi inafuata kipeo cha nusu cha bromini, na kwamba HBr inayozaliwa huizuia kazi iliyoizaa. Ukiichukua k moja kutoka fomula hiyo na kuigawanya kwa k nyingine uliyoiokota kwingine, utapata tarakimu, lakini haitakuwa K. Hata haidrojeni na iodini, mfano uliopendwa na vitabu kwa miongo mingi kama mgongano wa molekuli mbili, ulitiliwa shaka kubwa na majaribio ya mwanakemia Sullivan ya mwaka 1967. Kinachosalimika katika yote ni hiki: andika kila hatua ya msingi pamoja na kurudi kwake, pata uwiano wa konstanti wa kila hatua, kisha zidisha. K ya jumla ni zao la uwiano huo wote.

Mfano ninaoupenda uko dirishani kwangu. Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi, na kwa miaka mingi pH yake imezunguka 10, ingawa maji yaliyopanda tangu miaka ya 2010 yameipunguza makali. Humo CO₂ ina njia mbili za kuwa bikaboneti. Ya kwanza ni kupitia asidi ya kaboniki, ambayo kisha hupoteza protoni kwa konstanti ya karibu 0.00025. Ya pili ni kugongana moja kwa moja na haidroksaidi, konstanti yake ya kwenda ikiwa takriban lita 8,500 kwa moli kwa sekunde, na ya kurudi 0.0002 kwa sekunde. Katika pH 10, njia ya haidroksaidi ina kasi ya 0.85 kwa sekunde dhidi ya 0.039, karibu mara 22. Mtu atasema basi njia hiyo huzalisha bikaboneti zaidi katika msawazo. Hapana. Tazama kurudi: bikaboneti inayorudi kupitia asidi, katika pH hiyohiyo, hufanya hivyo kwa takriban 0.0000092 kwa sekunde, na 0.0002 ni karibu mara 22 ya hiyo. Mara 22 kwenda, mara 22 kurudi. Ndiyo maana K haiulizi CO₂ ilipita wapi: 8,500 kwa 0.0002 ni milioni 42.5, na njia ya kwanza, ukizidisha 0.0017 kwa 0.00025 na kugawanya kwa konstanti ya maji (ukolezi wa protoni ukizidishwa kwa ule wa haidroksaidi), inatoa milioni 42.5 vilevile. Katika msawazo kila njia hulingana na kurudi kwake yenyewe. Kama isingekuwa hivyo, CO₂ ingezunguka milele, ikienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na tungekuwa na injini isiyohitaji mafuta.

Hapa nikiri shaka ambayo vitabu huificha. Ulinganifu huo mzuri si ushahidi mzito kama unavyoonekana, kwa sababu konstanti nyingi za kurudi zilizomo katika majedwali hazikupimwa na mtu. Zilipatikana kwa kuchukua K iliyojulikana na kuigawanya. Kisha sisi tunazichukua, tunaigawanya ya kwenda kwa ya kurudi, na kushangilia kwamba K imerudi. Imerudi kwa sababu ilikuwa imefichwa humo tangu mwanzo. Kupima kasi mbili ndani ya msawazo wenyewe, ambapo kwa macho hakuna kinachotokea, kunahitaji alama, kama wanakemia Mills na Urey walivyofanya mwaka 1940 walipofuatilia oksijeni nzito ikihama kati ya CO₂ na maji. Jedwali likinipa konstanti ya kurudi bila kueleza ilikotoka, huiandikia alama ya kuuliza pembeni.

Na tarakimu zote hizo ni za maji safi. Katika maji ya bahari K ya hatua ya kwanza hushuka hadi karibu 0.0012, kwa kuwa chumvi hubadilisha tabia ya vitu vilivyoyeyuka humo. Maji ya ziwa letu nayo si ya bahari: sodiamu imeambatana na kaboneti na bikaboneti kuliko kloraidi, hivyo siamini kwamba marekebisho ya bahari yanahamia hapa bila kuchubuka, wala siamini sana elektrodi ya pH niliyoirekebisha kwa myeyusho hafifu kisha nikaichovya kwenye magadi. Kwa sampuli za ziwa huandika K pamoja na joto na chumvi ya siku hiyo, kwa tarakimu mbili za maana. Anayetaka ya tatu aniletee kwanza kasi ya kurudi iliyopimwa ndani ya maji hayohayo.