Je, Wajua? Kwa Nini Tuzo za Ufadhili wa Masomo Huuliza Umeifanyia Nini Jamii Yako

Kijana aliyemaliza kidato cha sita akianza kujaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo, ukurasa wa kwanza haumsumbui. Anaandika jina, shule, namba ya mtihani na matokeo. Kisha anakutana na swali la aina hii: eleza jambo uliloanzisha au kuongoza ambalo limewasaidia watu wanaokuzunguka. Wengi huliona kama swali la kujazia nafasi. Huandika sentensi mbili za jumla kuhusu kupenda maendeleo na kuwajali wasiojiweza, kisha husonga mbele. Hapo ndipo wanapoachwa, kwa sababu katika tuzo nyingi kubwa jibu la swali hilo lina uzito mkubwa katika kuamua nani ataitwa kwenye usaili.

Inashangaza ukifikiri. Mfadhili anataka kumsomesha mtu uhandisi au udaktari. Inamhusu nini kama mtu huyo aliwahi kupanga zamu za kusafisha kisima cha kijiji?

Si kila ufadhili unauliza hivyo. Samia Scholarship, ulioanza Tanzania mwaka wa masomo 2022/2023, unawatazama waliofaulu vizuri zaidi mchepuo wa sayansi kidato cha sita. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inaangalia uhitaji wa mwombaji. Mantiki yake naielewa na naiheshimu. Fedha za umma zinahitaji kipimo ambacho mzazi aliye Kigoma anaweza kukihakiki bila kumjua mtu yeyote ofisini. Alama ya mtihani ina sifa hiyo, uongozi hauna.

Ila alama nazo zina mahali zinapoishia. Wakiomba vijana mia tano wenye daraja la kwanza na nafasi ziko kumi, matokeo hayasemi tena lolote. Wote wana akili, wote wamesoma usiku. Ndipo kamati inapolazimika kuuliza jambo jingine, na jambo hilo lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Afrika Kusini, alifariki mwaka 1902 na kuacha wosia ulioanzisha ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford. Katika wosia huo alisema wazi kwamba hakutaka watu wanaojua vitabu tu. Aliweka vigezo vinne: masomo, michezo, utu wa mtu pamoja na moyo wa kuwatetea wanyonge, na silika ya kuongoza wenzake shuleni. Alama za darasani hazikufika nusu ya uzito wote. Tuzo nyingi zilizofuata, Marekani, Kanada na kwingineko, zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Mwasisi huyo alikuwa na uongozi wa namna yake kichwani. Aliwaza vijana wa kuendeleza himaya ya Waingereza, na utajiri wake ulitokana na ardhi na jasho la Waafrika. Wanawake hawakuruhusiwa kupata ufadhili huo hadi mwaka 1977. Mwaka 1907 Alain Locke, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, alichaguliwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata. Alipotaka kuingia Oxford, vyuo kadhaa vilivyo ndani ya chuo kikuu hicho vilimkataa mpaka kimoja wapo, Hertford, kilipompokea. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya Mmarekani Mweusi mwingine kuchaguliwa. Kwangu hili ni sehemu ya jibu lenyewe: ukisema unapima uongozi, lazima mtu fulani aamue kiongozi anafananaje, na mtu huyo ana macho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la Nelson Mandela liliunganishwa na la Rhodes katika ufadhili mpya kwa vijana wa Afrika nzima, wa kusoma shahada za juu Afrika Kusini. Maridhiano na kuwatumikia wengine vikawa ndani ya vigezo vyake. Kipimo kilibaki kuwa uongozi, lakini sura ya kiongozi anayetafutwa ilikuwa imebadilika kabisa.

Baadaye wakaja watafiti waliotaka kujua kama swali hilo lina maana yoyote zaidi ya hisia za wazee wa kamati. Anayetajwa sana ni William Sedlacek wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Tangu miaka ya 1970 alitafuta mambo yasiyo ya darasani yanayoweza kuashiria kwamba mwanafunzi atadumu chuoni na kuhitimu, hasa mwanafunzi anayetoka katika familia au kundi ambalo mfumo haukutengenezewa. Alipata mambo manane. Miongoni mwake ni kujua uwezo na udhaifu wako bila kujidanganya, kuwa na malengo ya mbali, kuwa na mtu wa kumkimbilia mambo yakiharibika, uzoefu wa kuongoza, na kushiriki katika shughuli za jamii yako.

Ukitulia unaona sababu. Chuo hakimwangushi mtu kwa mtihani mgumu pekee. Humwangusha pia kwa upweke, kwa fedha ya kujikimu iliyochelewa, kwa ofisi inayomzungusha wiki tatu, kwa kuwa wa kwanza katika ukoo mzima kukanyaga mahali pale. Kijana aliyewahi kukusanya watu, akasikia "hapana" za mtendaji, akarudi tena na barua nyingine, ameshazoea mambo hayo. Kazi ya kijamii ilimpa mazoezi ambayo hayamo kwenye mtaala.

Kilichonivutia zaidi kwa Sedlacek ni upana wa maana yake ya uongozi. Hakuishia kwa rais wa serikali ya wanafunzi. Alisema kwa vijana wengi uongozi huonekana kanisani, mtaani, nyumbani, na hata katika magenge ya vijana, ambako mtu huonyesha uwezo wa kuwafanya wengine wamfuate. Mwaka 1999 Bill na Melinda Gates walipotenga dola bilioni 1 kuwasomesha vijana 20,000 wa jamii za wachache nchini Marekani, vigezo hivyo vya Sedlacek ndivyo vilivyotumika kupima maombi.

Mfano mwingine ni Posse, shirika lililoanzishwa na Deborah Bial huko New York mwaka 1989. Wazo lilitokana na mwanafunzi mmoja mwenye kipaji aliyeacha chuo, akasema asingeacha kama angekuwa pamoja na wenzake wa nyumbani. Posse huchagua vijana wa mji mmoja na kuwapeleka chuo kimoja wakiwa kundi la watu kama kumi. Kuwapata, haitegemei fomu peke yake. Waombaji hukutanishwa kwa makundi na kupewa kazi za kufanya pamoja, huku waamuzi wakitazama nani anasikiliza, nani anamvuta aliyenyamaza, nani anapora kazi ya wenzake. Katika utafiti wake, Bial alitumia hata vipande vya kuchezea vya Lego: kikundi kilitakiwa kujenga sanamu inayofanana na iliyofichwa chumba kingine, kwa kutegemea kumbukumbu za waliokwenda kuiangalia. Kwa takwimu za shirika hilo, takriban asilimia 90 ya vijana wake huhitimu. Sehemu ya mafanikio hayo ni ya kundi lenyewe, kwamba mtu hayuko peke yake, lakini uteuzi nao una mchango.

Huku kwetu kuna sababu nyingine, na nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mfadhili anataka shilingi moja ifanye kazi kwa watu wengi. Mastercard Foundation, shirika la hisani, ilipozindua mpango wake wa ufadhili mwaka 2012 kwa dola milioni 500, iliweka moyo wa kurudisha kwa jamii kuwa sehemu ya sifa za anayetafutwa. Wanafunzi wa mpango huo wamepita Makerere, wamepita Nairobi na Kigali. Hesabu yake ni rahisi. Akisomeshwa mtu asiyejali, amesomeshwa mmoja. Akisomeshwa mwenye tabia ya kuvuta wengine, hujui wataishia wangapi.

CAMFED, shirika linalowasomesha wasichana wa familia maskini barani Afrika, wamelionyesha hilo kwa vitendo. Walianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwalipia wasichana 32, na Tanzania wameingia mwaka 2005. Wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada huo hujiunga katika mtandao wao. Baadhi hurudi kwenye shule za maeneo yao kama washauri wa kujitolea: hufundisha stadi za maisha, huwatembelea nyumbani watoto walioanza kutoroka, huzungumza na wazazi wanaofikiria kumwozesha binti. Wanaofanya kazi hiyo wanaweza kupata mkopo mdogo wa biashara usio na riba ya fedha, na muda wanaoutoa shuleni ndio unaohesabiwa kuwa riba. Sijaona mpango mwingine ulioeleza kwa uwazi kiasi hicho kwamba kuitumikia jamii ni malipo halisi.

Sasa kamati inajuaje kwamba kijana hadanganyi? Insha inaweza kuandikwa na mjomba, na picha ya kupanda miti inaweza kupigwa kwa dakika tano. Njia moja ni kuwaachia wanaomjua. Wings to Fly, mpango ulioanzishwa na Equity Group Foundation, mfuko wa hisani wa benki ya Equity, nchini Kenya mwaka 2010 kuwasomesha sekondari watoto wenye akili wanaotoka familia maskini, una bodi za uteuzi katika kila eneo. Humo wamo viongozi wa dini, maofisa wa elimu, wazee na watu wa benki ya pale. Huwahoji watoto na familia, na hutembelea nyumba kuona hali ilivyo. Kigezo kikuu pale ni uhitaji na ufaulu, na uongozi hufundishwa baada ya mtoto kuchaguliwa, lakini utaratibu wenyewe unafaa kwa tuzo ya aina yoyote. Mtu wa mtaani ni vigumu kumdanganya kuhusu mtoto wa mtaani.

Njia nyingine ni maswali ya usaili. Waamuzi wazoefu hawakawii kuuliza mambo madogo: mlikuwa wangapi, nani alipinga, mlifanya nini fedha zilipokwisha, nani anaendesha kikundi sasa ulipoondoka. Swali hili la mwisho huwachuja wengi. Aliyefanya kazi kweli hujibu kwa majina ya watu na kwa matatizo. Aliyepamba hurudia maneno ya fomu.

Lakini iko dhuluma iliyojificha ndani ya kigezo hiki, na siwezi kuipita kimya. Kuanzisha klabu ya mazingira kunataka muda, nauli, na mzazi anayekuruhusu kuchelewa kurudi. Binti anayetoka shule saa kumi, akachota maji, akapika, akawasimamia wadogo zake wafanye kazi za shule, halafu jioni akamsaidia mama kuuza vitumbua, hana klabu ya kuandika. Akifika kwenye swali lile huacha wazi. Mwenzake wa shule ya kulipia, ambaye klabu alianzishiwa na mwalimu, anajaza ukurasa mzima. Kamati isipokuwa makini, tuzo ya uongozi hugeuka kuwa tuzo ya nafasi.

Mwaka 2016 kituo kimoja cha kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa ripoti iliyowaambia wasimamizi wa udahili wa vyuo vya Marekani jambo hilo waziwazi. Ilitaka kulea wadogo, kuuguza mzazi au kufanya kazi ya kusaidia familia kuhesabiwe kama mchango, sawa na miradi yenye majina makubwa. Ilisema pia kwamba huduma ya maana ni ile iliyodumu, ikapendekeza angalau mwaka mzima, kuliko safari ya wiki mbili ya kujitolea nchi ya mbali.

Kwa hiyo kijana wa kwetu anayejaza fomu asitafute cheo ambacho hakuwa nacho. Kama umewafundisha watoto wa majirani kusoma kila Jumamosi, andika walikuwa wangapi walipoanza na wangapi wanasoma sasa. Kama uliwakusanya waendesha bodaboda wa kijiwe chenu mkaanzisha mfuko wa kufa na kuzikana, eleza mliaminianaje na daftari linakaa kwa nani. Kama nyumba yenu ilisimama kwa sababu yako baba alipougua, hilo nalo ni jibu, na liandike bila kuomba huruma: ulipanga nini, uliacha nini, nani alikusaidia. Mahali ulipokwama pataje pia. Msomaji wa fomu mia tatu huamini zaidi kazi yenye kasoro zake.

Halafu kuna barua ya mapendekezo, ambayo huharibu maombi mengi mazuri. Vijana humkimbilia mtu mwenye cheo kikubwa: diwani, mbunge, mkuu wa shule asiyewafahamu. Barua inayokuja ni mistari mitano ya sifa ambazo zingemfaa mtu yeyote. Mwalimu wa kawaida aliyekuona ukifungua darasa kila jioni, au katibu wa kikundi cha kina mama wa mtaani kwako, ana la kusema ambalo mbunge hana. Mfuate mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na umpelekee nakala ya ulichoandika ili akumbuke siku na matukio. Na kama hajui kuandika kwa lugha ya fomu, mwombe aandike kwa Kiswahili, kisha mtafute mtafsiri anayeaminika na uambatanishe barua zote mbili, endapo mfadhili anaruhusu.