Matundu manne si operesheni ndogo

Wiki hii nimeulizwa swali lilelile kuhusu operesheni ya kutoa kifuko cha nyongo mara tatu: mara mbili nje ya thieta, na mara moja kwa simu kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. "Dokta, si mlisema ni matundu tu? Mbona mmempasua?" Anayeuliza huwa ameshapata jibu lake moyoni: daktari alikosea ndani, akapasua ili afiche kosa. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama koridoni, kwa hiyo naliandika hapa.

Mzizi wake ni imani kwamba kutolewa kifuko cha nyongo kwa matundu ni operesheni ndogo. Kilichopungua ni kidonda cha ngozi. Huko ndani kazi ni ileile aliyoifanya Carl Langenbuch kule Berlin mwaka 1882, alipotoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza: kufunga mrija wake na mshipa wake wa damu, kukibandua kwenye ini, kukitoa. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi linyanyuke kama hema, kisha kamera na vifaa vinapitishwa kwenye matundu, kwa kawaida manne.

Mrija wa kifuko unaungana na mrija mkuu unaotoa nyongo kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Kifuko kilichovimba mara nyingi hugandana na majirani zake, na mirija hiyo miwili ikavutana hadi ikafanana. Ukikata mrija mkuu ukidhani ni wa kifuko, umemtia mgonjwa kwenye shida ya miaka: nyongo inavuja tumboni, au inakwama na macho yanakuwa njano, na kurekebisha ni operesheni kubwa kuliko ya kwanza. Makadirio yanayotumika sana ni wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000 wa matundu, na 1 hadi 2 kwa wanaopasuliwa wazi.

Kwa sababu hiyo sikati kitu mpaka nione mambo mawili: sehemu ya chini ya kifuko imebanduka kwenye ini, na ni mrija mmoja na mshipa mmoja tu vinavyoingia kwenye kifuko. Nisipoviona, nasimama. Pengine natoa sehemu kubwa ya kifuko na kuiacha shingo yake. Pengine nafungua chini ya mbavu za kulia, nione na kupapasa kwa vidole. Daktari aliyefungua kwa sababu haoni vizuri amemlinda mgonjwa wako. Namheshimu kuliko anayejisifu kuwa hajawahi kufungua.

Imani hiyohiyo inaumiza watu hata baada ya kutoka wodini. Mama mmoja muuza dagaa alirudi kisiwani kwake siku moja tu baada ya operesheni, maana aliambiwa ni "matundu tu". Siku ya tatu tumbo likazidi kuuma, akatapika. Majirani wakamtuliza: hiyo ni gesi ya operesheni, itatoka. Kweli gesi huuma, lakini huuma zaidi begani, na kila kukicha inapungua. Alipovuka ziwa siku ya sita, tumbo lilikuwa limejaa nyongo. Alipona, baada ya wiki nyingi wodini akiwa na mpira ubavuni wa kutolea majimaji. Tangu siku hiyo, mgonjwa wangu wa Ukerewe, Ukara au Kome havuki maji kabla ya siku ya saba. Alale kwa ndugu hapa Mwanza, Igoma au Buzuruga, hata kama watabanana. Na akiona maumivu yanaongezeka, homa, tumbo kujaa, kutapika, macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, arudi saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Mengine ninayoambiwa kuhusu operesheni hii, na kuhusu mawe ya kwenye kifuko yanayoisababisha, nitayapitia haraka.

"Mawe yanatokana na mchanga kwenye mchele." Hapana. Unachomeza hakiingii kwenye kifuko. Mawe huundwa humohumo, kwa lehemu (kolesteroli) au kwa mabaki ya damu iliyovunjika, na ndiyo maana huku Kanda ya Ziwa, penye selimundu kwa wingi, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu, tunayakuta hata kwa watoto.

"Bila kifuko sitakula mafuta tena." Nyongo inatengenezwa na ini, na ini unabaki nalo. Kifuko ni ghala tu. Wengine huharisha mwanzoni, basi anza kidogo kidogo. Sangara wa kukaanga utamla.

"Mafuta ya zeituni na limao yanatoa mawe." Wananiletea vidonge vya kijani kwenye kopo, wameviokota chooni. Ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yaleyale waliyokunywa. Ukirudia utrasaundi, mawe yapo palepale. Mawe yasiyouma, yaliyoonekana kwa bahati tu, mara nyingi tunayaacha. Lakini yanayokuamsha usiku na maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta yanataka operesheni, na mapema. Kila shambulio unalolipoza kwa limao au kwa dawa za vidonda vya tumbo linakigandisha kifuko zaidi, na kifuko kilichoganda ndicho kinachotulazimisha kufungua.

Mgonjwa wa ile simu ya Nansio alimeza dawa za vidonda vya tumbo miaka minne kabla ya mtu yeyote kumpima utrasaundi. Nilikikuta kifuko chake kimeshikana na utumbo, mrija hauonekani. Nilihangaika na kamera karibu saa nzima, kisha nikafungua. Jana macho yake yalikuwa meupe, amekula uji, na Ijumaa tunamruhusu aende kwa dada yake Nyegezi.