Kuenea, kukaa, kupendeza: mtindo wako ni nini hasa

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya nguo ambavyo watu huvichanganya. Nguo imekuenea: imepita kichwani, zipu imefunga, hiyo ni habari ya saizi. Nguo imekukaa: imetulia mwilini, haivuti wala haining'inii. Nguo imekupendeza: anayekutazama anakuona wewe kabla ya kuiona nguo. Kitenzi cha nne wauzaji hawakitaji sana, nacho ni kukufaa, yaani nguo inaendana na unakokwenda nayo, jua unalolipita na kazi unayoifanya. Mtu mwenye mtindo wake ni yule ambaye nguo zake nyingi, tena za siku za kawaida, zimetimiza yote manne.

Fasheni ni jambo jingine. Fasheni ni kile ambacho wengi wanakivaa msimu huu. Unaweza kununua kila kilichotundikwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, usiwe na mtindo. Na unaweza kuwa nao kwa mashati saba na suruali tatu. Kabati lililojaa ambalo mwenyewe analifungua asubuhi na kusema hana cha kuvaa huwa limejazwa kwa kitenzi kimoja tu. Kila nguo ilinunuliwa peke yake kwa sababu ilipendeza dukani, na hakuna aliyeuliza itavaliwa na nini, wapi, mara ngapi.

Kwa hiyo kazi haianzii sokoni. Inaanzia kwenye nguo ulizo nazo. Geuza henga zote zielekee upande mmoja. Kila nguo unayoivaa, ukishaifua irudishe henga yake ikiwa imegeukia upande wa pili. Baada ya wiki sita utaona wazi zipi zinavaliwa na zipi zinakaa tu. Nguo za sherehe ziweke pembeni, hizo zina hesabu yake. Kisha toa zile unazokumbuka kuzivaa mara tatu au zaidi, zitandaze kitandani, uandike zinachofanana: kola au shingo ya mviringo, mikono mifupi au mirefu, urefu unaoishia wapi, kitambaa gani, rangi zipi. Orodha hiyo ndiyo mtindo wako ulivyo sasa, upende usipende, na ni ya kweli kuliko picha zozote ulizohifadhi kwenye simu. Nguo mpya ianzie hapo. Kama nguo tano kati ya saba unazozipenda zina shingo ya V, gauni lenye kola iliyofunga hadi kooni halitatoka kabatini hata liwe zuri namna gani.

Kukaa ndiko kunakostahili muda mwingi zaidi, kwa sababu ndiko kunakoharibika zaidi na ndiko fundi anakoweza kukusaidia. Anza na bega. Mshono unaounganisha mkono na mwili wa shati ukae juu ya ncha ya mfupa wa bega, usishuke kwenye mkono wala usipande kuelekea shingoni (isipokuwa nguo iliyokatwa kwa makusudi bega lishuke). Halafu kifua: ukifunga vifungo, mikunjo ikitoka kwenye kifungo kwenda pande nne kama herufi X, shati linabana. Kwa kitambaa kisichovutika, mzingo wa shati kifuani uzidi mzingo wa mwili wako kwa sentimita 8 hadi 12. Mwenye kifua cha sentimita 96 anatafuta shati la 104 hadi 108; chini ya hapo atabanwa, na majuto ndani ya daladala saa nane mchana yatakuwa yake.

Kipo kipimo ambacho wengi hukisahau. Inua mkono kama unayeshika bomba la daladala. Shati zima likipanda na kuchomoka kiunoni, tundu la mkono limekatwa chini mno. Watu hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu uhuru, kumbe ni kinyume: tundu lililo karibu na kwapa huuacha mkono uende peke yake, na lililoshuka huvuta shati lote. Baadaye kaa kwenye kiti. Suruali inayokuenea ukiwa umesimama inaweza kukukata tumbo ukikaa, na mikunjo ya mlalo chini ya kiuno au mifuko inayofunguka kama masikio maana yake nyonga imebanwa. Urefu wa suruali nyuma uishie sentimita 1 au 2 juu ya ardhi ukiwa umevaa viatu utakavyovivaa nayo kweli. Matope ya masika hayana huruma na pindo linaloburuta.

Jua kinachowezekana kwa fundi kabla hujalipia nguo. Kupunguza kiuno, kufupisha mikono, kupandisha pindo, kubana suruali kuanzia gotini kwenda chini, haya ni ya siku moja. Kuachia, yaani kuipanua nguo, kunategemea kilichobaki ndani ya mshono: geuza nguo, pima kitambaa kilichokunjiwa ndani. Ukikuta sentimita 2 kila upande una nafasi. Nguo iliyopigwa ovaloki na kukatwa sambamba na mshono haina cha kuachia. Bega kubwa liogope. Kulipunguza ni kufungua mikono yote miwili, kukata upya na kurudishia, na gharama yake mara nyingi huipita bei ya shati lenyewe. Ukifika kwa fundi usiseme tu "nirekebishie". Vaa nguo pale pale, aweke pini, umwambie kwa kutaja sehemu: "Fundi, nipunguzie kiuno sentimita 3, bega usiliguse." Na kama ni suruali, peleka kiatu utakachoivalia.

Kwenye masoko ya mitumba ya Dar es Salaam kama Karume, Tandika na Manzese, ambako kijumba cha kujaribia nguo ni nadra, saizi iliyoandikwa kwenye lebo haina msaada mkubwa, kwa kuwa kila nchi na kila kiwanda kina namba zake. Chukua shati lako linalokukaa vizuri kuliko yote, lilaze mezani, upime vitu vitatu: bega hadi bega, kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka kola hadi pindo. Kwa suruali pima kiuno, nyonga na mshono wa ndani wa mguu. Andika namba hizo kwenye simu na uende na futi kamba. Nguo ya mtumba ikikubali vipimo, ikague kwenye mwanga: makwapa, ndani ya kola, mapajani katikati, zipu juu hadi chini. Njano ya kwapani kwenye shati jeupe ni jasho lililochanganyika na dawa ya kwapa, na jiki hailitoi. Mara nyingi hulizidisha. Kitambaa kilichokwangulika mapajani kitatoboka ndani ya miezi michache. Kifungo kilichopotea, hilo ni jambo dogo.

Kuhusu kitambaa, Dar ina tabia yake: hewa ni nzito kwa unyevu, jasho halikauki haraka, na Desemba hadi Februari nyuzi joto hupanda hadi 31 na 32. Pamba na kitani hunyonya jasho na kupitisha hewa. Poliesta haikunjiki na hukauka upesi, lakini hushika harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa. Ukitaka kujua umeuziwa nini, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kubaki kidonge kigumu. Viskosi ni laini na baridi mwilini, ila ikiwa mbichi huwa dhaifu, isikamuliwe kwa nguvu. Anayevaa baibui aangalie zaidi nguo ya ndani: fulana nyepesi ya pamba chini ya baibui la poliesta hufanya kazi kubwa kuliko kubadilisha baibui.

Idadi nayo ina kanuni, na mimi nadhani hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi. Hesabu kuanzia siku ya kufua. Anayefua Jumamosi na kwenda kazini siku tano anahitaji mashati au blauzi 5, kwa sababu katika joto hili shati halirudiwi siku ya pili. Ongeza 1 la kumwagikiwa chai, na 1 la wiki ya masika ambayo nguo zinashinda kambani bila kukauka. Jumla 7. Suruali au sketi huvaliwa mara mbili kabla ya kufuliwa, kwa hiyo 3. Viatu jozi 2 za kupokezana, kwa kuwa ngozi iliyolowa jasho inataka siku nzima kukauka. Mashati 7 kwa suruali 3 ni mivao 21, lakini tu kama kila shati linakubali kila suruali. Suruali moja ikiwa ya drafti inayoendana na mashati mawili tu, unabaki na 16. Ndiyo maana nguo za chini ziwe za rangi tulivu, nyeusi, bluu iliyokolea, kaki au kijivu, na maua yaachiwe nguo za juu.

Rangi inayokukubali itafute mlangoni mwa duka, kwenye mwanga wa jua, kitambaa kikiwa chini ya kidevu. Taa ya dukani hudanganya. Kitu cha kutazama ni uso: ukionekana umechoka, hiyo siyo.

Bei nayo igawe kwa idadi ya kuvaa. Shati la shilingi 15,000 lililovaliwa mara 60 limekugharimu 250 kila ulipolivaa. Gauni la 80,000 lililotoka mara mbili limekugharimu 40,000 kila mara.

Hapo ndipo zinapoingia sare za harusi na sendofu, ambazo katika mji huu hujaza nusu ya kabati bila mwenyewe kuchagua rangi wala ua. Sare haikataliwi, ni heshima kwa wenye shughuli. Lakini mshono wake ni wako. Badala ya gauni moja refu, shona sketi na blauzi: sketi ya kitenge itavaliwa na blauzi nyeupe ya kazini, na blauzi itavaliwa na jinzi. Kitambaa kikiwa cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi, maana pamba mpya huweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5, na sketi ya sentimita 100 ikirudi 4 utaiona. Ua likiwa kubwa, ongeza nusu yadi ili fundi aweze kulilinganisha kwenye mshono wa katikati. Mwombe aache sentimita 2 na nusu ndani ya mishono ya ubavuni na 5 kwenye pindo. Vipande vilivyobaki usimwachie. Ukinenepa mwakani, au blauzi ikichanika kwapani, kitambaa kile kile dukani hakitakuwepo tena.