Kukohoa damu: kinachoua ni kukosa hewa

Wengi hudhani mgonjwa anayekohoa damu nyingi, labda kwa kifua kikuu, hufa kwa kuishiwa damu. Mara nyingi sivyo: hufa kwa kukosa hewa. Njia za hewa za mtu mzima hubeba takriban mililita 150 tu, hata kikombe cha chai hazijazi. Damu kidogo tu huziziba. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa pafu linalovuja, ili lile zima libaki juu, damu isiliingie.

Dharura hii ni adimu. Daktari aweza kumaliza miaka asiione. Kwa hiyo mazoezi ya mdoli unaofurika damu bandia kooni si mchezo hata kidogo. Hapo hujifunza kuuacha mpira wa kunyonyea damu kooni, uendelee kunyonya, huku akipitisha mpira wa kupumulia kandokando yake.