Ukiolewa, jina lako ni lipi? Maelezo kwa wanawake wa Kigoma

Hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mwanamke aliyeolewa kuchukua jina la mume wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeeleza mambo mengi: taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, usajili, mali, matunzo, talaka. Kuhusu mke kubadili jina haitoi amri yoyote. Ukipenda unabadili, usipopenda unabaki na jina la baba yako mpaka uzeeni, na ndoa yako haipungui kitu.

Tunaanzia hapo kwa sababu wanawake wengi wanabadili jina kwa hofu. Wameambiwa kwamba bila jina la mume hawataandikwa kwenye bima yake ya afya, hawatapata mafao yake akifariki, au ndugu zake watawatoa kwenye nyumba. Hayo yote yanatokana na ndoa, hayatokani na jina. Kinachothibitisha ndoa ni cheti. Mjane wa Kiislamu wa Ujiji anapata thumuni ya mirathi ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha, kwa kuwa alikuwa mke. Jina lake la tatu halimwongezei wala halimpunguzii. Na Waislamu wengi hawabadili kabisa, wakishikilia kuwa mtu anaitwa kwa baba yake. Msimamo huo unakubalika katika ofisi zote za Serikali.

Mtaani, anayeitwa "mke wa fulani" leo ataitwa "mama fulani" mwakani, na wala hakuna anayemdai karatasi. Hilo ni jina la heshima. Tunalozungumzia hapa ni jina la kwenye kitambulisho.

Ugumu huanza pale mtu anapobadili nusu. Kitambulisho cha NIDA kina jina la baba, akaunti ya benki ina jina la mume, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina la tatu ambalo ni mchanganyiko wa yote mawili. Kila karatasi iliandikwa na mtu tofauti, dirisha tofauti, na mama mwenyewe alijibu swali kama lilivyoulizwa siku hiyo. Miaka kumi baadaye mtoto anaombewa pasipoti, au mama anafuatilia mafao, na ofisa anaona watu watatu badala ya mmoja.

Kwa mkazi wa Kigoma uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Maofisa wa Uhamiaji na wa NIDA hukagua uraia kwa makini kuliko mikoa ya ndani, na jina lisilolingana ni miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyozua maswali: baba yako nani, babu alizaliwa kijiji gani, mbona huyu wa kwenye cheti cha shule si wewe? Mwanamke wa Manyovu au Kakonko aliyeacha jina la baba bila hati yoyote ya kuonyesha alivyolibadili amejikatia kamba iliyokuwa inamuunganisha na wazazi wake kimaandishi. Ushauri wetu kwa anayeishi vijiji vya mpakani ni wazi: kama huna sababu kubwa ya kubadili, usibadili. Kama unayo, fanya kwa hati kamili na utunze karatasi za jina la zamani maisha yako yote.

Cheti cha ndoa kwanza

Kabla ya kufikiria jina, kiangalie cheti chenyewe. Kanisani unaweza kupewa cheti cha sakramenti chenye mapambo, ambacho ni cha kanisa. Cheti kinachotambuliwa na Serikali ni kile kinachotolewa katika vitabu vya usajili wa ndoa vilivyo chini ya Msajili Mkuu, yaani RITA. Padri, mchungaji au shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa anavyo vitabu hivyo. Ndoa ya bomani husajiliwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Siku ya kujaza, peleka kitambulisho cha NIDA na uombe majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo humo. Makosa mengi huzaliwa hapa: mwandishi anasikia jina kwa mdomo, anaandika "Mwajuma" badala ya "Mwanajuma", au anamwandika bibi harusi kwa jina la bwana harusi kwa kudhani ndiyo heshima. Cheti cha ndoa kinatakiwa kionyeshe jina lako la kabla ya ndoa. Kikikuandika tayari kwa jina la mume, kinapoteza kazi yake kubwa, ambayo ni kuonyesha kwamba yule wa zamani na huyu wa sasa ni mmoja. Soma kabla ya kusaini. Kusahihisha wino ukiwa umekauka ni safari nyingi.

Waliooana kimila wanatakiwa kuomba usajili ndani ya siku 30. Wengi hawafanyi. Ndoa haibatiliki kwa kutosajiliwa, lakini hutakuwa na cheti cha kuonyesha popote. Na wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, hata kama miaka miwili imepita na sheria inaweza kuwadhania kuwa mume na mke, hawana cheti pia. Kwao jina la mwenza linapatikana kwa hati ya kubadili jina peke yake.

Kiapo na dipoli havifanani

Karatasi mbili huchanganywa sana, na watu hulipia moja wakati walihitaji nyingine.

Hati ya kiapo ni maelezo unayoyatoa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ukiapa kwamba jina hili na lile yote ni yako. Haibadili jina. Inaeleza tu kwa nini karatasi mbili hazilingani, kwa mfano cheti cha darasa la saba kina majina mawili na kitambulisho kina matatu. Ukiapa uongo umetenda kosa la jinai, hivyo usiape kuwa "nimekuwa nikitumia majina yote mawili tangu kuzaliwa" wakati la pili umelipata juzi kwa ndoa.

Hati ya kubadili jina, ambayo wengi wanaiita dipoli, ndiyo inayobadili. Ndani yake unataja jina la zamani, jina jipya, uraia, anwani, kisha unatamka kwamba umeliacha jina la zamani moja kwa moja na kwamba kuanzia sasa utatumia jipya katika nyaraka na shughuli zako zote. Unasaini kwa jina jipya na la zamani mbele ya shahidi ambaye ni wakili. Baada ya hapo inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, aliye chini ya Wizara ya Ardhi, na tangazo lake hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Anzia ofisi ya ardhi ya mkoa kuuliza utaratibu wa kuiwasilisha. Malipo yote ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na ofisi husika; anayekuomba umpe fedha taslimu mkononi "akusaidie kuharakisha" mkatalie.

Dipoli isiyosajiliwa ni kasoro tunayoiona kila mara. Wakili ameiandaa, ina muhuri mwekundu mzuri, mteja ameiweka kabatini akidhani amemaliza. Bila namba ya usajili ya Msajili, ofisi nyingi zitaikataa. Ukiiandaa, tengeneza nakala kadhaa zenye saini halisi, kwa kuwa moja itabaki kwa Msajili na nyingine utaombwa uiache njiani.

Je, cheti cha ndoa peke yake hakitoshi? Kwa baadhi ya huduma kinatosha, hasa ukiongeza tu jina la mume mwishoni bila kufuta la baba. Lakini cheti cha ndoa kinasema umeolewa. Hakisemi umebadili jina. Anayetaka jina jipya likae imara kila mahali afanye dipoli. Anayetafuta kazi serikalini ajue kwamba matangazo ya usaili ya Sekretarieti ya Ajira huwataka wenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka waje na dipoli, na anayekosa huweza kurudishwa mlangoni akiwa amesafiri kwa treni hadi Dodoma.

Utaratibu wa ofisi baada ya hapo

Ukishapata hati iliyosajiliwa, nenda NIDA kabla ya kwenda kokote. Peleka dipoli, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha zamani, vyote halisi pamoja na vivuli vyake, ujaze fomu ya kubadili taarifa. Namba yako ya utambulisho yenye tarakimu 20, inayoanza na tarehe yako ya kuzaliwa, haibadiliki. Linalobadilika ni jina lililofungwa nayo. Subiri taarifa zibadilike kwenye mfumo. Usiondoke na stakabadhi ukakimbilia benki siku hiyo hiyo, kwa sababu benki ikiingiza namba yako italetewa jina la zamani na utaambiwa hulingani.

Mfumo ukishasoma jina jipya, fuata benki, TIN na leseni ya udereva huko TRA, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, na mwajiri wako. Laini ya simu isisahaulike. Imesajiliwa kwa alama za vidole kupitia NIDA, na jina linalomtokea anayekutumia fedha ni lile la siku uliposajili. Nenda duka la kampuni yako ya simu, wakala wa barabarani huenda asiweze. Kwa wanakikundi wanaoomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, badilisheni jina kwenye katiba na orodha ya wanachama kabla ya kupeleka maombi.

Pasipoti inayotumika huwa na jina moja tu, na tiketi lazima ifanane nayo. Mwenye safari ya karibu asafiri kwanza kwa jina la zamani, abadili akirudi. Kitambulisho cha mpiga kura nacho kinarekebishwa wakati Tume inapoboresha daftari. Zoezi la mwaka 2024 lilizinduliwa hapa hapa Kigoma tarehe 20 Julai, na wapo waliolitumia kurekebisha taarifa zao.

Kuna nyaraka ambazo haziguswi. Cheti cha kuzaliwa kinabaki na jina ulilozaliwa nalo. Vyeti vya mitihani navyo vinabaki na jina ulilofanyia mtihani, hata uende na dipoli kumi. Kwa hiyo kila utakapoonyesha cheti cha kidato cha nne utaonyesha na dipoli, na ndiyo maana tunasema waalimu, wauguzi na wengine ambao vyeti vyao ndiyo ajira yao wafikirie mara mbili. Kuongeza jina la mume baada ya majina yako yote kunawasumbua kidogo kuliko kufuta la baba.

Cheti cha mtoto kiandikwe jina la mama kama lilivyo NIDA siku mtoto anaposajiliwa. Ukibadili baadaye, hifadhi nakala ya dipoli pamoja na vyeti vya watoto, bahasha moja.

Shamba au kiwanja ulichonunua kabla ya ndoa kinabaki chako, maana ndoa haihamishi umiliki. Hati yake iwasilishwe ofisi ya ardhi pamoja na dipoli ili jina jipya liingizwe. Kama ni karatasi ya mauziano ya kijijini, mwombe mtendaji aandike barua inayotaja majina yote mawili wakati mashahidi wa mauziano bado wako hai. Hilo hilo lifanywe na mwenye sehemu katika ardhi ya baba yake Kasulu au Uvinza: siku ya mirathi atatakiwa kuonyesha kuwa ni binti wa marehemu, na cheti cha kuzaliwa pamoja na dipoli ndivyo vitakavyomsemea.

Ndoa ikivunjika, jina la mume halirudi lenyewe lilikotoka. Talaka inatolewa na mahakama, baada ya shauri kupita baraza la usuluhishi la ndoa. Ukiwa na hati ya talaka unaweza kuendelea na jina la ndoa, na mtalaka wako hana amri ya kukuvua, au unaweza kurudia la baba kwa dipoli mpya na mzunguko ule ule kuanzia NIDA. Dipoli ya kwanza usiichane. Ya pili haieleweki bila hiyo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au msaidizi wa kisheria wa eneo lake, ambaye huduma yake ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aende na NIDA, cheti cha ndoa, na orodha aliyoiandika mwenyewe ya kila karatasi yenye jina lake, na jina lilivyoandikwa katika kila moja.