Kupalia makaa kambini: chungu cha chuma katika Nyanda za Juu Kusini

Chungu cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kinachofaa kambini utakitambua kwa miguu yake mitatu mifupi, mshikio wa waya mnene, na mfuniko bapa wenye ukingo ulioinuka pembeni. Ukingo huo ndio roho ya chombo. Unashikilia makaa yasiporomoke, na bila makaa juu ya mfuniko hicho ni sufuria nzito tu. Kazi yenyewe si ngeni kwetu: aliyewahi kupalia wali, au kuoka mkate wa kumimina kwa kuweka makaa juu na chini, tayari ana msingi wote. Chuma kinaongeza unene unaotunza joto na kulisambaza taratibu, jambo ambalo sufuria ya alumini haiwezi.

Chungu cha kipenyo cha sentimita 30 kinatosha watu sita hadi wanane. Kina uzito wa kilo nane au tisa, kwa hiyo ni chombo cha kambi inayofikiwa na gari: Matema ufukweni, Kitulo, mashamba ya Mufindi, kingo za Ruaha Mkuu. Kukibeba mgongoni kupanda Rungwe ni kujitesa bure.

Kama ulichonacho kina mfuniko uliobinuka usio na ukingo, usimpelekee fundi wa kuchomelea auongezee ukingo. Chuma cha kusubu kikichomelewa kwa fimbo za kawaida hupata ufa pembeni ya mshono, pengine siku hiyohiyo. Mwambie akate pete ya bapa la chuma, kimo cha sentimita tatu, ikae tu juu ya mfuniko bila kuunganishwa. Hapohapo akukunjie kulabu ya nondo ya milimita 10, urefu wa nusu mita, ya kuinulia mfuniko. Ukijaribu kuuinua kwa kitambaa ukiwa umejaa makaa, majivu yataishia kwenye mchuzi.

Moto ukae wapi

Kosa linaloharibu vyakula vingi ni moto mwingi chini. Tumezoea jiko la mkaa, ambako joto lote hutoka chini, basi mtu anarundika makaa chini ya chungu na kutupia vipande vitatu juu kama pambo. Matokeo yake ni mkate mweusi chini na mbichi juu. Joto la chini linagusa chakula moja kwa moja kupitia chuma. La juu lazima livuke hewa iliyomo ndani kwanza. Ndiyo maana juu panahitaji makaa mengi zaidi.

Kwa chungu cha sentimita 30, ninaanza na vipande 24 vya ukubwa wa yai la kuku. Kwa kuoka, 16 juu na 8 chini. Kwa mchuzi na nyama, 8 juu na 16 chini. Kwa wali unaomalizika, 14 juu na vitatu au vinne tu chini. Vya chini vipange duara chini ya ukingo wa chungu, katikati paachwe wazi, kwa sababu katikati ndipo panapoungua kwanza. Vya juu navyo vifuate ukingo, viwili vitatu tu vikae katikati. Makaa yasiguse kitako cha chungu: yakibanwa hukosa hewa na kufa, na pale yalipogusa chakula kinashika.

Hesabu hii inatokana na mkaa wa kubanwa wenye vipande vinavyolingana. Mkaa huo, unaoitwa pia mkaa mbadala, ukiupata, utumie, maana unawaka sawasawa kwa karibu saa moja. Mkaa wa magogo hauko hivyo. Wa miwati, unaouzwa sana Njombe na Iringa, ni mgumu na unakaa. Wa miti laini hupamba haraka na kugeuka majivu kabla mkate haujakolea rangi. Uchague vipande kwa mkono, vunja vikubwa, vumbi liache guniani, na uwe na moto wa akiba pembeni ili kila baada ya nusu saa uongeze makaa yaliyokwisha kushika. Usiongeze mkaa mbichi juu ya mfuniko: unachelewa kuwaka na unashusha joto kipindi ambacho chakula kinalihitaji. Kuni za misindano zinafaa kuwashia moto na kuota, lakini utomvu wake unatoa masizi mazito na makaa yake hayadumu.

Kupima joto bila kipimo, weka kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati ndani ya chungu kitupu na ufunike kwa dakika tano. Ukibaki mweupe, ongeza vipande vinne juu. Ukiwa wa kahawia ya dhahabu, oka. Ukiwa mweusi, toa vya chini kwanza.

Baridi, upepo na mwinuko

Hapa ndipo mapishi ya pwani yanapotukosea. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi za sentigredi. Mbeya mjini ni kama 94. Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, yanakaribia 98 na nusu. Sufuria inayotokota Kitulo, hata itokote kwa fujo kiasi gani, haipiti hizo 91. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji, kunaongeza mvuke tu na kukausha mchuzi. Mfuniko mzito unapunguza mvuke unaopotea, lakini haugeuzi chungu kuwa presha kuka. Wanaodai hivyo wanakosea.

Anayeathirika zaidi ni maharage. Yaloweke tangu jana yake, saa 12 kamili, mwaga maji hayo, kisha utenge saa tatu za kuyachemsha ukiwa Kitulo. Nyanya na ndimu vingoje mpaka yalainike, kwani uchachu hukaza ganda, na kwenye joto hilo dogo hayatalainika tena usiku huo. Ukifika kambini jioni na maharage makavu, pika kitu kingine.

Upepo nao una hila yake. Unapuliza makaa ya upande mmoja yakawa mekundu huku ya upande wa pili yakizimika, na mkate unatoka nusu umeungua. Zungusha chungu robo mzunguko kila dakika 10, kisha mfuniko robo kwa upande wa kinyume. Jenga kinga ya mawe au bati upande upepo unakotoka, ukiacha nafasi ya hewa. Ardhi iliyolowa, ambayo Rungwe ni ya kawaida karibu mwaka mzima, hunyonya joto la makaa ya chini. Tandika bati au mawe bapa makavu kwanza. Mawe ya mtoni yaliyojaa maji yaache hukohuko, yanaweza kupasuka yakipata moto. Kwenye baridi ya Juni na Julai, ongeza vipande vitatu au vinne juu ya hesabu ya kawaida.

Ndani ya hifadhi, beba mkaa wako na uulize wahifadhi mahali panaporuhusiwa moto. Nyasi za Kitulo wakati wa kiangazi zinahitaji cheche moja tu.

Na jambo moja ambalo sitaki mtu alipite haraka: makaa yasiingie hemani, hata yakiwa yamefifia, hata baridi iwe kali namna gani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Chungu kikimaliza kazi, makaa yote yabaki nje. Ukitaka joto, jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, lala nayo.

Ndizi na nyama

Chukua nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo moja na nusu, ndizi mbichi 15 za kupika za Tukuyu, vitunguu vitatu, nyanya nne, karoti mbili, mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula, na chumvi vijiko viwili vya chai.

Menya ndizi ukiwa umejipaka mafuta mikononi, uzitie kwenye maji ya chumvi na ndimu. Utomvu wa ndizi ukikutana na chuma hugeuza mchuzi kuwa wa kijivu. Maji hayo yanaupunguza, nawe suuza kabla ya kupika. Weka makaa yote 24 chini, chungu kipate moto dakika tano, tia mafuta, kaanga nyama kwa mafungu matatu. Ukiitia yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha yote ya mchuzi iko kwenye ule ukahawia. Tia vitunguu, kisha nyanya, kwangua chini mpaka palipogandia paachie. Mimina maji nusu lita, tia chumvi, funika, hamisha vipande vinane juu. Saa moja na robo kwa ng'ombe mchanga, saa mbili kwa mzee. Pindua mara mbili tu. Kila ukifunua unapoteza joto la dakika kadhaa.

Ndizi na karoti ziingie nyama ikikaribia kuachia mfupa. Dakika 35. Safari hii geuza hesabu, 14 juu na 8 chini, ili ndizi za juu zipate rangi na za chini zisishike. Kama uko upande wa Kyela, kikombe cha tui la nazi mwishoni kinapendeza sana.

Mkate

Unga wa ngano gramu 600, hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji ya uvuguvugu mililita 360. Kanda dakika 10.

Mwinuko na baridi vinavutana hapa. Hewa ikiwa nyepesi, unga huumuka upesi zaidi, na ukipitiliza hubonyea ukiwa unaoka. Mchana wenye jua punguza hamira kwa robo. Jioni ya Kitulo, hata hivyo, hamira inalala kwa baridi. Weka donge ndani ya chungu kilichopata vuguvugu tu, kiasi cha kuweza kuegemeza kiganja, funika na kiweke karibu na moto, ukikigeuza. Liache mpaka likaribie kuwa maradufu, usitazame saa.

Litoe, paka chungu mafuta, lirudishe, subiri dakika 20, kisha oka kwa 8 chini na 16 juu. Baada ya dakika 20 ondoa vya chini vyote. Chuma kina joto la kutosha kumalizia. Kwa dakika 35 hadi 40 uwe tayari: ukigonga kitako cha mkate unalia kama ngoma. Utoe mara moja, ukikaa ndani mvuke unaulowesha.

Baada ya kula

Chungu cha moto kisimwagiwe maji baridi, kitapasuka. Ngoja kipoe kidogo, tia maji ya moto, sugua kwa brashi au maganda ya mahindi, suuza, kirudishe kwenye makaa kikauke kabisa. Mchuzi wenye nyanya usilale ndani, unakula ile ngozi nyeusi ya mafuta inayozuia kutu. Ngozi hiyo hutengenezwa hivi: paka mafuta ya alizeti kila mahali, kisha yafute kana kwamba hukutaka kuyapaka, na ukiinamishe juu ya makaa mpaka moshi ukome, karibu saa moja. Rudia mara tatu au nne kwa chungu kipya. Kikinata mkononi, mafuta yalikuwa mengi. Kirudishe motoni, usiongeze. Hifadhi na karatasi iliyokunjwa ndani na mfuniko ukiwa umeachia kidogo, hasa Tukuyu, ambako unyevu wa wiki mbili unatosha kuotesha kutu.